Uzi wa hariri wenye vitanzi: ninavyousokota hapa Tanga na kwanini usiruke uzi wa tatu

Mwaka juzi nilimuuzia mama mmoja mafungu sita ya uzi wa hariri wa mapambo, ule wenye vitanzi vitanzi, alikuwa anafuma foronya za mito ya sebuleni. Ulikuwa mzuri jamani, zambarau na dhahabu, umejikunjakunja kama nywele za mtoto mchanga, akalipa palepale bila kuomba hata kupunguziwa. Haikufika miezi miwili akanipigia niende nikaone. Vitanzi vyote vimeteleza vimejikusanya upande mmoja wa mto kama shanga kwenye uzi, na upande wa pili umebaki uzi wa ndani mtupu mweupe kama mshipi wa kuvulia. Nikamrudishia hela yake yote, na lile jambo likaninyima usingizi wiki nzima.

Kosa lilikuwa moja tu, nilitumia nyuzi mbili badala ya tatu. Na naona wengi wanaojifunza wanakosea hapohapo kwa sababu uzi wa nyuzi mbili ukiuangalia umetoka tu kwenye pia, kile kijiti cha kusokotea, unapendeza, huwezi kuona tatizo, tatizo linakuja ukishatumika. Kwa hiyo naandika hapa namna ninavyofanya sasa hivi, mwanzo mpaka mwisho, kwa vitu vinavyopatikana Ngamiani na mitaa yetu, maana watu wengi wanadhani hariri lazima uagize nje.

Kwanza hariri unaipata wapi. Mitumbani. Tai za kiume, skafu, blauzi za kimama, wakati mwingine unakuta sari nzima imekunjwa chini ya fungu mtu hajaijua. Tai ndo ninazozipenda kuliko vyote, siku nyingine nazipata mia tano mia tano kwa sababu hapa kwetu na hili joto nani anavaa tai, na tai nzuri imekatwa mshazari, yaani kitambaa hakikukatwa kufuata uzi ulionyooka bali upande upande, na kitambaa cha mshazari ukikichana vipande havichanguki hovyo pembeni. Skafu yenyewe imekatwa moja kwa moja, ukiichana inatoa manyuzi kila upande. Hiyo nayo ina kazi yake, nitafika huko.

Ila usiamini lebo, na usiamini mng'ao, poliesta siku hizi inang'aa kuliko hariri yenyewe. Chomoa nyuzi mbili tatu kwenye mshono wa ndani, zisokote pamoja, zishike na kibanio, washa kiberiti. Hariri inaungua polepole, ukitoa moto inataka kuzima yenyewe, harufu ni ya nywele zilizoungua kabisakabisa, na jivu lake jeusi ukilibonyeza na vidole linasagika unga. Poliesta inayeyuka, inajivuta, inabaki kipunje kigumu kama mchanga, na harufu ya plastiki. Pamba inanuka karatasi. Kama una wasiwasi bado, kipande cha uzi kiweke kwenye kijiko cha jiki ukiache. Hariri itayeyuka ipotee, kwa sababu hariri ni protini kama nywele na jiki inakula protini, pamba na poliesta vitabaki. Na hapo hapo umejifunza lingine, kwamba jiki isikaribie kabisa beseni lako la kazi.

Nieleze kidogo hariri ni nini maana ndo itakufanya uelewe uzi wa tatu. Kiwavi wa hariri anakula majani ya mforosadi, haya haya majani ya mti wa forosadi tunazokula, akikomaa anajizungushia nyumba ya uzi mmoja usiokatika, na uzi wa kifuko kimoja unaweza kufika urefu wa kilomita moja hivi. Sufu ya kondoo ina magamba madogomadogo yanayong'ang'aniana, pamba ni fupi na imejikunja, zinashikana zenyewe. Hariri haina hicho kitu. Ni ndefu, laini, na ukiikata uangalie kwa hadubini imekaa kama pembetatu, ndo maana inatupa mwanga vile. Uzuri wake wote ni kuteleza. Sasa ukiizungushia kwenye uzi mwingine bila kuifunga, itateleza tu.

Wakati iko kwa kiwavi ina gundi inayoshikilia kifuko, karibu robo ya uzito wote ni hiyo gundi. Kama umebahatika kupata vifuko vyenyewe au hariri mbichi, ngumu kama karatasi, lazima uichemshe kwanza, mimi naweka sabuni ya mche iliyokunwa gram 25 kwa kila gram 100 za hariri, maji mengi, moto mdogo usitokote kwa nguvu, saa moja, halafu suuza maji ya moto kwanza ndo ya vuguvugu. Itatoka laini na nyepesi zaidi, usishtuke uzito umepungua. Hii ndo ileile hekima ya kina bibi wa pwani wanaofukia makumbi ya nazi kwenye tope la bahari miezi na miezi kisha wakayaponda watoe usumba, kila singa ina kinachoishika na lazima ukitoe kwa njia yake. Mitumba imeshachemshwa kiwandani, hiyo hatua ruka.

Kuosha. Maji ya vuguvugu na shampuu ya nywele, basi. Sabuni ya unga ni kali kwa hariri na nyingine zina vimeng'enya vya kula madoa ya damu na mayai, ambavyo ni madoa ya protini, sasa kitambaa chako chenyewe ni protini. Kabla ya kuosha lowesha leso nyeupe ukandamize kwenye kona ya skafu, ikitoka rangi osha peke yake. Nyekundu ndo mbaya zaidi, iliwahi kunigeuzia tai tatu za kijivu zikawa waridi. Suuza ya mwisho weka siki kijiko kimoja kwa ndoo, inarudisha mng'ao. Anika kivulini, jua la hapa linakula hariri, inakuwa ya njano na inakatika.

Sasa vifaa. Pia ya kusokotea natengeneza mwenyewe, kijiti kilichonyooka cha sentimita 30, sidii mbili za zamani nimezibananisha na mpira katikati, na juu ndoano niliyokunja kwa spoki ya baiskeli. Spoki hapa Tanga si tatizo, mji mzima ni baiskeli, fundi yeyote atakupa zilizokatika. Ndoano iwe pana, kidole kidogo kipite, maana vitanzi lazima vipite hapo bila kunasa. Na pia yenyewe iwe na uzito kiasi, gram 60 hadi 80, ukihitaji kuongeza funga nati chini. Kwa uzi mwembamba laini watu wanatumia pia nyepesi nusu ya hapo lakini huu uzi wetu unahitaji kuvutwa, utaona kwanini. Nina na mashine niliyochongewa na fundi kwa gurudumu la baiskeli la sentimita 60 na kapi ya sentimita 5, gurudumu likizunguka mara moja kapi inazunguka mara 12, ni haraka kweli, lakini kama hujawahi kusokota anza na pia mkononi. Mashine inakimbia kabla vidole havijajua kinachotakiwa.

Nyuzi tatu nimezipa majina ili nisijichanganye. Wa kwanza ni uzi wa ndani, unabeba kila kitu. Wa pili ni uzi wa pambo, hiyo hariri yenyewe. Wa tatu ni uzi wa kufunga. Wa ndani na wa kufunga natumia uzi wa cherehani wa pamba, au wa poliesta kama mteja anataka kitu cha kuvutwavutwa kama mkoba. Kama unapanga kutia rangi mwishoni kumbuka poliesta haitashika hizi rangi za jikoni, itabaki nyeupe inachungulia katikati, wengine wanapenda hivyo.

Uzi wa pambo unautengeneza kutokana na ulichonacho. Tai naifumua mshono wote, natoa kile kitambaa kizito cha ndani, napiga pasi ya moto mdogo, halafu nakata utepe wa upana wa nusu sentimita hadi sentimita moja, nikifika ukingoni nageuza mkasi bila kukata mpaka mwisho, nazunguka narudi, hivyo utepe unatoka mmoja mrefu bila viungo vingi, zile kona zinazobaki nachonga kidogo kwa mkasi. Skafu ndo naichambua. Kata vipande vya kiganja, chomoa nyuzi moja moja, inachosha lakini ni kazi ya jioni barazani mnapiga stori, hizo nyuzi zinakuwa fungu kama pamba ya manyoya, zichane kwa brashi ya mbwa au chanuo mbili mpaka zilale upande mmoja. Hizo unazisokota kwanza kuwa uzi mmoja mlegevu sana, kwa kuzungusha pia kushoto. Mlegevu, nasisitiza, ukiukaza hautatoa vitanzi, utatoa vifundo vigumu kama kamba ya mkonge.

Upande wa kuzungusha ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Uzi wa cherehani umeshasokotwa kiwandani, sasa ukiuzungusha kinyume unaufungua unakuwa dhaifu. Funga kipande kwenye pia, ining'inize, izungushe kulia, yaani kama mshale wa saa ukiangalia kutoka juu. Ukiona uzi unajikaza, sawa, ndivyo nyingi zilivyo. Ukiona nyuzi zake zinaachana basi hilo roli limesokotwa kinyume, geuza kila ninachosema hapa chini, kulia iwe kushoto na kushoto iwe kulia.

Hapa sasa ndo penyewe. Funga uzi wa ndani na uzi wa pambo pamoja kwenye ndoano. Zungusha pia kulia. Uzi wa ndani uwe umenyooka na kukaza kama kamba ya tanga upepo ukivuma, na hiyo kazi ya kukaza inafanywa na uzito wa pia, ndo maana nikasema iwe nzito, wewe mkono wako wa juu unashikilia tu. Uzi wa pambo usiukaze kabisa. Ushike kwa mkono mwingine pembeni, usilale sambamba na uzi wa ndani bali utoke ubavuni kama tawi linavyotoka kwenye mti, ukae pembe mraba nao, na uache uende wenyewe, uzi wa ndani ukizunguka unaumeza. Kila baada ya vidole vitatu hivi simamisha, shika wa pambo kwa kidole gumba na cha shahada uusukume chini kuelekea ndoano. Utauona unajikunja, unaruka nje, unakuwa kitanzi. Ukisukuma kidogo kinakuwa kama punje ya choroko, ukisukuma sana kama kunde, zaidi ya hapo kinakuwa kikubwa kinaanguka na kinanasa kila kitu.

Mara ya kwanza mkono utakataa. Vidole vyote vinataka kukaza, ndivyo tulivyozoea kusokota kamba. Nilipokuwa najifunza jirani yangu bibi mmoja ambaye amesokota usumba pajani tangu msichana alipita akanikuta barazani, nikamwambia shikamoo bibi, akaitikia marahaba mwanangu, akasimama akaniangalia kimya muda mrefu, kisha akasema, "Huo wa nje unauonea huruma ya nini, uachie, aliyebeba mzigo si huyo." Akaketi, akauchukua, na ingawa hajawahi kugusa hariri maishani mwake mkono wake wa kushoto ulilegea palepale na wa kulia ukakaza, vitanzi vikaanza kutoka kama vimeitwa. Nilijifunza kwa zile dakika tano kuliko mwezi mzima. Mkono mmoja mgumu mmoja mlegevu, kwa wakati mmoja.

Hesabu yake, uzi wa pambo unakwenda mara mbili na nusu mpaka mara tatu ya urefu wa uzi wa ndani. Ukitaka mita 10 andaa mita 25 hadi 30 za pambo. Na usokote kupita kiasi, mara mbili ya unavyodhani inatosha, mpaka ukiulegeza unajipinda wenyewe kama nyoka. Utakuwa mbaya kuutazama, vitanzi vimejibana, rangi haionekani. Usiogope. Uzungushie kwenye kitabu cha zamani au chupa, usilegeze, uache usiku mmoja upoe.

Kesho yake ndo uzi wa tatu. Chukua ule uzi uliojibana na uzi wa kufunga, funga vyote kwenye ndoano, zungusha pia kushoto sasa. Hapa vyote viwili vikaze sawasawa, wa kufunga ukaze kidogo zaidi. Unachofanya ni vitu viwili kwa mpigo, unapunguza ule msokoto uliozidi, na wakati unapungua vitanzi vinafumbuka mbele ya macho yako kimoja kimoja kama yasmini jioni, halafu uzi wa kufunga unapita juu ya shingo ya kila kitanzi unakishikilia pale pale. Nenda taratibu, ukiona wa kufunga umepita juu ya kitanzi ukakilaza, kichomoe na sindano butu. Zungusha nusu hivi ya ulivyozungusha jana. Kujua kama imetosha achia kipande cha mita moja kining'inie kama bembea, kikijipinda mara moja mbili ni sawa, kikijisokota chote kama kamba bado una msokoto mwingi, endelea kushoto kidogo.

Halafu jaribu. Shika kitanzi kimoja kwa kucha ukisukume kwenye uzi wa ndani. Kisisogee. Hicho ndo kipimo changu sasa hivi, napima kila mita, kikisogea hakitoki nyumbani kwangu.

Maliza kwa kuulowesha maji ya vuguvugu dakika 20 hivi, ukamue ndani ya taulo bila kuupinda, utundike kivulini. Usining'inize kitu kizito chini, hariri ikilowa nguvu inapungua, na vitanzi vitavutika vilale. Msimu wa masika hapa kwetu hewa nzito unaweza kukaa siku mbili haujakauka, uache, usiweke juani kwa haraka.

Rangi naweza kuandika siku nzima ila kwa kifupi, kama ulitumia hariri nyeupe, shabu gram 12 kwa gram 100 za uzi, iyeyushe kwenye maji ya moto, tumbukiza uzi uliolowa, saa moja maji yakiwa ya moto lakini hayatokoti, yakitokota mng'ao unakufa. Maganda ya vitunguu yanatoa dhahabu iliyoiva na inadumu kiasi. Bizari ya manjano inatoa rangi kali inayochangamka ila ukiiweka dirishani jua linaila, mwambie mnunuzi ukweli kabla. Mzingefuri unatoa chungwa zuri sana. Watu wanapenda kutia msumari wenye kutu ili rangi iwe nyeusi nyeusi, inawezekana, lakini chuma kinakula hariri taratibu, kwa kitu unachotaka kikae miaka achana nacho. Maji ya kisima yenye chumvi yanabadilisha rangi, mimi nakinga ya mvua.

Kuna na aina nyingine rahisi zaidi za nundu. Ukitaka uzi wa machenga, chukua vile vipande vifupi vilivyobaki kwenye mkasi, vikate viwe kama punje, vichanganye kwenye hariri wakati unaichana, vitajitokeza vyenyewe ukisokota. Ukitaka unene na wembamba, unavuta fungu kwa kushtua, unaacha sehemu haijasokotwa sawasawa, sehemu ile inavimba. Hizi hazihitaji uzi wa tatu lakini mimi nauweka hata hivyo zile nene, kwa sababu sehemu iliyovimba ndo haina msokoto na ndo inayochanika kwanza. Utepe wa tai huo usiufanyie vitanzi, ni mzito, uzungushe tu kwenye uzi wa ndani kama ngazi, kisha funga, unatoka kama mkia wa ndege.

Kwenye kufuma uzi wa vitanzi tumia kama mshindio, yaani uzi unaopitishwa kwenda na kurudi, usitandike nao mtande, zile nyuzi zinazotandazwa kwanza, utanasa kila unapofungua njia ya kupitisha mshindio. Kwa krosha chukua sindano nene, namba 6 kwenda juu, na fuma kwa kulegeza, ukibana vitanzi vinafichwa nyuma. Wengine wananinunulia mita tano tano tu za kupamba mdomo wa kikapu cha ukindu au kutengeneza vishada vya pazia. Mkonge tulionao Tanga, tangu Mjerumani Richard Hindorf alipouleta kule Pangani mwaka 1893, una singa ngumu zinazosimama, sasa mkoba wa mkonge uliozungushiwa huu uzi pembeni, ile ngumu na hii laini vikikaa pamoja, mie naona hakuna kinachopendeza zaidi.

Na yule mama wa mito nilimpelekea mafungu mengine sita mwaka jana, sikumdai hela. Juzi nilipita kwake nikakaa kwenye kile kiti chenyewe, nikaupapasa ule mto kwa kucha, vitanzi vipo pale pale.